Ndoa gerezani: aliyenizungusha, walionisubirisha na aliyetufungisha

Nimeolewa gerezani. Ni ndoa halali ya kiserikali, ina cheti, ina muhuri, ina mashahidi wawili. Mume wangu bado yuko ndani, na naandika haya kwa sababu nilipokuwa nahangaika sikumpata mtu wa kuniambia huduma ipi itanifikisha na ipi itanilia pesa. Ninazozipima hapa ni tatu, zote nimezipitia kwa miguu yangu: wakala wa nyaraka, ofisi ya ustawi ya gereza, na ofisi ya msajili wa ndoa. Wakala nampa nyota moja, gereza nyota tatu, msajili nyota tano. Majina siyataji. Atakayeshika yaliyotokea atawatambua wenzao wa aina hiyo popote alipo.

Kwanza mjue kwa nini hatukungoja atoke.

Mwenzangu alihukumiwa miaka tisa. Tulikuwa pamoja miaka miwili kabla ya hapo, na tulikubaliana kwamba ndoa tutafunga akiwa huru, mchana kweupe, watu wacheze mpaka wachoke. Mwaka wa nne wa kifungo nilifika siku ya kutembelea nikaambiwa hayupo, kapelekwa hospitali. Hospitali gani? Askari wa daftari akaniuliza, "Mama, wewe ni nani yake?" Nikasema mchumba. Akalifunga daftari taratibu, wala si kwa ubaya, akasema habari za mgonjwa hupewa ndugu aliyeandikwa. Aliyeandikwa alikuwa kaka yake, ambaye kwa miaka mitatu hakuwa amekanyaga pale na simu yake ilikuwa haipatikani. Nilikaa siku 11 sijui mtu wangu ana nini. Kumbe kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, wakampasua usiku uleule. Aliporudi kwenye chumba cha wageni, shati likimning'inia mabegani, neno lake la kwanza lilikuwa, "Hatungoji tena."

Nikaenda kwa wakala. Ana ofisi safi, kiti cha mteja kina mto, na bango lake linasema anashughulikia nyaraka za aina zote. Nilipomwambia mwenzangu yuko gerezani hakushtuka, na hilo ndilo lililonivuta, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea watu kunyanyua nyusi. "Hiyo kazi ndogo, dada," akasema. Nikatoa nusu ya malipo, nakala ya kitambulisho changu, na barua moja ya mwenzangu, maana alidai lazima aione saini yake. Baada ya hapo zikaanza danadana. Njoo Jumatatu. Mkubwa yuko safari. Faili liko kwa mtu mwingine. Wiki sita zikaisha hivyo.

Wiki ya saba nilifika bila kupiga simu. Nilimkuta ameilaza ile barua chini ya fomu ya maombi ya ndoa, juu ya meza ya kioo, tochi ya simu ikimulika kutoka chini. Alikuwa anafuata mistari ya saini ya mwenzangu kwa kalamu ya risasi, pole pole, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Saini ile naijua. Herufi ya mwisho ina mkia unaorudi nyuma na kulikata jina zima, na nilipoingia yeye alikuwa amefika kwenye mkia.

"Ni saini tu, dada. Nani atajua?"

Nilikusanya karatasi zangu zote, na barua juu yake, nikatoka. Pesa sijarudishiwa mpaka leo, lakini kilichonitia uchungu zaidi ni ile saini. Mfungwa hawezi kufika dirishani akasema kwa kinywa chake kwamba ameridhia kuoa. Karatasi ndiyo inayosema badala yake, na mkono wake kwenye karatasi ndio ushahidi kwamba hakuna aliyemlazimisha. Ukiighushi saini hiyo, umeoa peke yako. Tena ndoa ya namna hiyo inaweza kubatilishwa mahakamani, kughushi ni jinai, na mtu wa kwanza kuitwa kuhojiwa atakuwa yule ambaye tayari yuko ndani. Kwa hiyo ukitaka kumtumia wakala, muulize jambo moja kabla hujafungua pochi: saini ya mfungwa itashuhudiwa na nani? Anayeijua kazi atakujibu palepale, kwa sheria ya mahali penu, kama ni ofisa wa gereza mwenye mamlaka ya kushuhudia viapo, au wakili anayeingia ndani, au msajili mwenyewe. Akianza kubabaika, nyanyuka.

Ofisi ya msajili nilikwenda nikiwa nimekata tamaa. Nilipanga foleni nyuma ya wachumba wawili wenye furaha, na zamu yangu ilipofika nikainamisha kichwa nikanong'ona kwamba mchumba wangu yuko ndani. Karani wa dirisha la pili, mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ndani ya gereza? Haya. Na bi harusi ni wewe?"

Miezi yote ile nilikuwa nimeitwa mgeni, mtembeleaji, mhusika. Hakuna aliyekuwa ameniita bi harusi. Nilijibu ndiyo, koo likanikaba, akaniachia nafasi nimeze mate, kisha akavuta karatasi tupu akaanza kuniandikia.

Alichoniandikia ndicho ambacho wakala hakukijua au hakutaka nikijue: mpangilio. Kwenye ndoa ya aina hii karatasi ni zilezile za ndoa yoyote, ila ukizianza kinyume utarudia. Ombi halianzi kwako uliye nje, linaanza kwake. Yeye ndiye anayeuandikia uongozi wa gereza kwamba anataka kuoa, nani, na kwa nini anaomba ifanyike humo, na bila ombi hilo hata ukipeleka nyaraka za dhahabu hazina pa kushikia. Mimi nilikuwa nimepoteza karibu miezi miwili nikisukuma mlango ambao kitasa chake kiko upande wa pili.

La pili ni vikwazo. Mwenzangu aliwahi kuoa ujanani na kuachana, na mimi nilikuwa na nakala kivuli ya hati ya talaka. Karani aliitazama akairudisha. Anataka nakala iliyothibitishwa na mahakama iliyotoa talaka, yenye muhuri unaosomeka. "Hiki ndicho kitakachokuchukua muda, kwa hiyo anza nacho kesho asubuhi," aliniambia. Ilinichukua siku 16 kuipata. Kama ningeingoja mpaka gereza litoe jibu, ningekuwa nimechelewa kwa siku hizohizo 16.

La tatu ni umri wa karatasi yenyewe, na hapa watu wengi huumia. Tangazo la ndoa lina siku zake za kungoja. Uingereza na Wales, kwa mfano, ni siku 28. Na kibali kikishatoka kina siku zake za kufa: New York ni siku 60, California siku 90. Gereza nalo lina kalenda yake, huenda linafungisha ndoa mara chache tu kwa mwaka. Ukikimbilia kuchukua kibali kwa furaha kabla gereza halijakupa tarehe, kitakufia mkononi. Kwa hiyo unapata kwanza neno la gereza, halafu tangazo, halafu kibali, huku tarehe ya ndani ikiwa imeshaandikwa. Yule mama alichora mistari kuunganisha hatua hizo kama fundi anayechora kipimo cha gauni, na mimi ni fundi cherehani, nikamwelewa vizuri kuliko ambavyo ningeelewa hotuba.

Gereza lilijibu ombi la mwenzangu baada ya wiki tatu. Jibu lilikuwa nusu ukurasa: ombi halijakubaliwa kwa sasa kwa kuwa uhusiano wa waombaji haujathibitika kuwa wa kudumu, na kwa kuwa hawataweza kuishi pamoja.

Nililia usiku ule. Kesho yake nikarudi dirisha la pili na ile barua. Karani aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Sikiliza, bi harusi. Mnacholiomba gereza ni siku, saa na chumba. Haki ya kuoana hamuiombi kwao, mnayo." Akaniambia nikasome, niandike upya, na niambatanishe nilichokisoma.

Basi nikasoma, simu mkononi, cherehani imefunikwa, siku nne mfululizo. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 16, linasema wanaume na wanawake waliofikia utu uzima wana haki ya kuoa na kuolewa. Halisemi wasiokuwa na hatia. Kisha nikaipata kesi ya Marekani ya mwaka 1987, Turner dhidi ya Safley. Jimbo la Missouri lilikuwa na kanuni kwamba mfungwa haoi mpaka mkuu wa gereza aone sababu nzito, na sababu iliyokuwa ikikubaliwa kwa kawaida ni mimba au mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Mahakama ya Juu iliifuta kanuni hiyo. Ilisema ndoa ya mfungwa nayo ni ahadi mbele ya watu na ni tegemeo la moyo, wengi wana imani inayoipa ndoa uzito, wafungwa wengi siku moja watatoka, na kuna haki za mali na mafao yanayofuata cheti. Nilipenda pia kwamba mahakama ilikuwa mkweli kwa upande wa pili: gereza linaweza kupanga ndoa ifanyike lini na vipi kwa ajili ya usalama. Hilo sikulikataa hata mara moja.

Kuhusu neno lao kwamba uhusiano haujathibitika, nilikuta kesi mbili za Poland, Frasik na Jaremowicz, zilizoamuliwa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya siku moja, Januari 5, 2010. Katika ile ya Jaremowicz wakuu wa gereza walikuwa wameona kwamba mapenzi yaliyoanzia gerezani ni ya juu juu. Mahakama ilisema kumchagua mwenzi na kuamua kumwoa ni jambo la mtu binafsi, awe huru au awe kizuizini, na si kazi ya maofisa kuyapima mapenzi hayo.

Lakini iliyonishika moyo ni ya zamani zaidi. Uingereza, miaka ya sabini, mfungwa hakuweza kuoa ndani, na ruhusa ya kutolewa akafunge ndoa nje ilikuwa ngumu kuipata. Mfungwa mmoja aitwaye Hamer alilalamika kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Serikali ikajitetea kwamba hata akioa hawataishi pamoja. Mwaka 1979 Tume ikasema kiini cha haki ya kuoa ni watu wawili kufunga muungano unaotambuliwa na sheria, na kama wako tayari kuufunga huku hawawezi kuishi pamoja, hayo ni maamuzi yao. Mwaka 1983 sheria ikabadilishwa huko, wafungwa wakaweza kufungishwa ndoa humohumo gerezani.

Niliisoma sehemu hiyo kwa sauti, peke yangu, maana lilikuwa jibu la kila aliyeniuliza ndoa gani hiyo hamlali nyumba moja. Shangazi yangu aliniuliza hivyo. Mteja wangu wa miaka aliniuliza hivyo huku nikimpima kiuno. Ndoa ni hiyo hiyo. Yule mtu niliyemkosa siku 11, nataka sheria ijue kwamba ni wangu.

Nawaambia ukweli: uamuzi wa mahakama ya nchi nyingine haumfungi mkuu wa gereza la kwenu. Tena hata huko mambo hayasimami mahali pamoja, kwa kuwa sheria iliyopitishwa Uingereza mwaka 2024 imewazuia wenye hukumu ya kufia gerezani wasioe bila ruhusa maalumu ya waziri. Lakini ukurasa mmoja ulioandikwa kwa adabu, wenye mwaka na jina la kesi, unamfanya anayesoma ajue kwamba anashughulika na mtu aliyesoma. Mwenzangu aliunakili kwa mkono wake, mkia wa saini na yote, akaupeleka. Siku 19 baadaye tulikuwa na kibali cha gereza na tarehe.

Sasa gereza lenyewe, na nyota zake tatu. Ofisa ustawi, baada ya pale pa mwanzo, alifanya kazi yake vizuri. Alinihoji peke yangu kama nusu saa. Swali lililoniudhi mwanzoni, kama kuna mtu ananitishia au ananidai, nikaja kulishukuru, kwa kuwa wapo wanawake ambao wanahitaji kuulizwa hivyo na mlango ukiwa umefungwa. Alinieleza bila kuficha kwamba ndoa haipunguzi kifungo hata siku moja, na haileti chumba cha faragha. Wapo wanaodhani cheti kinafungua mlango huo. Magereza ya serikali kuu ya Marekani hayana ziara za faragha za wanandoa kabisa, wakati California na New York wanazo. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 zinataka tu kwamba pale zinaporuhusiwa, zisiwe na ubaguzi, na wanawake wafungwa wazipate sawa na wanaume. Uliza gereza lenu kabla hujajenga matumaini.

Nyota mbili zilizopotea ni za mageti. Ofisa ustawi alinipa orodha iliyoandikwa na kusainiwa, lakini geti la kwanza lilikuwa na kanuni zake, la pili zake. Keki hairuhusiwi, maua hayaruhusiwi, hayo nilijua. Pete moja kila mtu, isiyo na kito. Rangi zinazofanana na sare za wafungwa au za askari hazivaliwi. Chochote chenye chuma kitalia kwenye mashine.

Gauni nililishona mwenyewe. Sijawahi kushona nguo ngumu kama ile, na nimeshona za maharusi nyingi. Hakuna zipu. Hakuna ndoano kiunoni, hakuna waya kifuani. Mgongoni niliweka vifungo 22 vilivyofunikwa kitambaa, ndani nikatumia vipande vya ngozi badala ya bati, na vitanzi vyake nikavikunja kwa uzi wa nguo ileile. Dada yangu mkubwa alinifunga kimoja kimoja asubuhi ile, akawa anahesabu kwa sauti, na kila akikosea anaanza upya. Nywele nilizibana kwa utepe. Nilipopita kwenye mashine haikulia. Askari wa kike aliyenipekua alipitisha vidole kwenye pindo zima, akafika kwenye vifungo, akasimama. "Nani amekushonea?" Nikamwambia. Akavigusa vyote mpaka cha mwisho, na nadhani upekuzi ulikuwa umeshakwisha zamani.

Mashahidi walitakiwa wawili, na lazima wawe kwenye orodha ya wageni waliokubaliwa. Karani alikuwa ameniambia, "Wewe peleka watatu." Niliona ni kujisumbua, kila jina ni fomu nyingine na picha nyingine. Siku yenyewe shoga yangu alirudishwa getini kwa sababu kitambulisho chake kina herufi moja zaidi ya jina lililoandikwa kwenye orodha. Alibembeleza, hawakumsikiliza. Alikaa nje kwenye benchi saa nzima akiwa amevaa vizuri, na mimi bado naumia kwa ajili yake. Lakini tulibaki na dada yangu na mama mkwe, wawili kamili. Kama ningepeleka wawili tu, ndoa isingefungwa siku ile, na tarehe inayofuata ilikuwa baada ya miezi minne.

Kulikuwa na kasheshe nyingine kwenye geti la pili. Msajili alikuja na kalamu ya wino anayotumia kwa vitabu vya ndoa, na askari hakutaka kalamu yenye ncha ya chuma iingie. Msajili hakupandisha sauti. Alitoa barua ya gereza iliyoorodhesha vifaa vyake vyote, kalamu ikiwa ya tatu kwenye orodha, akaweka kidole hapo, akangoja. Aliipatia barua hiyo saini wiki moja kabla, bila mimi kujua. Ndiyo maana nawapa nyota tano. Walifikiria kalamu.

Chumba kilikuwa kile cha wageni, viti vimekazwa sakafuni kwa nati, na ukutani tangazo la kukataza kugusana. Tulipewa dakika 20. Mwenzangu aliingia na shati lililopigwa pasi, sijui alipata wapi pasi, mistari ya mikono imesimama. Mama yake alipomwona aliweka kiganja mdomoni. Msajili alitusomea maneno taratibu kana kwamba hakuna saa ukutani, na alipofika pa kuuliza kama yupo anayejua kizuizi, aliinua macho akawatazama askari wawili mlangoni na kungoja, kama sheria inavyotaka. Mmoja wao akavua kofia.

Halafu kitabu. Mume wangu alishika ile kalamu akaitazama. Ndani wanatumia za plastiki laini, fupi, zinazopinda. Hii ilikuwa nzito, na mkono ulimtetemeka, tone la wino likaanguka kwenye karatasi ya kukaushia aliyoitandika msajili. "Haina haraka, bwana harusi," akamwambia. Akaandika jina lake lote, akafika kwenye herufi ya mwisho, akaurudisha mkia nyuma, akalikata jina kama anavyolikata kwenye barua zake zote. Nikakumbuka kalamu ya risasi na tochi ya simu. Nikashukuru kwamba nilitoka ofisini kwa yule mtu.

Kukumbatiana kuliruhusiwa mara moja. Picha tatu zilipigwa na ofisa wa gereza. Moja imekatwa vichwa, moja mama mkwe amefumba macho, ya tatu ni nzuri, na ndiyo niliyoitundika juu ya cherehani.

Mkishatoka, msiondoke ofisi ya msajili na cheti kimoja. Chukueni nakala tatu zilizothibitishwa, moja ya nyumbani, moja ya faili la gereza, moja ya kuzunguka nayo. Na gereza halibadilishi jina la ndugu wa karibu lenyewe kwa sababu tu ndoa ilifungwa ndani ya kuta zake. Nililidhania hilo, nikakuta wiki mbili baadaye bado ameandikwa kaka. Yeye aliye ndani anajaza fomu, wewe uliye nje unapeleka cheti, na mnafuatilia mpaka muone kwa macho.

Niliona kwa macho. Ofisa ustawi alifungua daftari kubwa, akaweka rula chini ya jina la shemeji yangu, akapiga mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika: mke. Kisha jina langu. Nikamwambia herufi moja imekosewa, nikamsimulia kuhusu shoga yangu na lile benchi. Akachukua kalamu akasahihisha, akaweka saini pembeni ya sahihisho, akanigeuzia daftari nisome mwenyewe.